Mgonjwa Aliye Tumboni: Haki ya Kutibiwa Kabla ya Kuzaliwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumzia swali ambalo wazee wetu hawakulazimika kulijibu. Mtoto akigunduliwa kuwa mgonjwa angali tumboni mwa mamaye, je, tumngoje azaliwe, au inajuzu kumtibu humo humo alimo?

Maradhi yenyewe

Katika ubongo wa kila mmoja wetu, damu inayotoka moyoni hupita kwanza katika vimishipa vyembamba mno, ambavyo huipunguza kasi kabla haijaingia katika mishipa ya kuirudisha moyoni. Mmoja wa mishipa hiyo ya kurudishia umepewa jina la Galen, tabibu wa Kigiriki ambaye Waarabu humwita Jalinus. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na miongoni mwa wafasiri wakubwa alikuwa Hunayn bin Is-haq. Baadaye Ibn al-Nafis, tabibu na faqihi aliyefariki Cairo mwaka 1288, akamsahihisha Jalinus kwa kueleza kwamba damu hutoka upande mmoja wa moyo hadi upande wa pili kwa kupitia mapafuni.

Hutokea, kwa nadra, vimishipa hivyo vyembamba vikakosekana mahali hapo. Damu ikaingia kwa kishindo moja kwa moja katika mshipa wa kurudishia, nao ukavimba. Inakadiriwa kuwa kasoro hii humpata mtoto mmoja kati ya 60,000. Huanza katika majuma ya mwanzo ya mimba, lakini mara nyingi huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi katika miezi ya mwisho.

Ajabu ya rehema ya Mola ni kwamba mtoto akiwa tumboni, kondo la nyuma huvuta sehemu kubwa ya damu na kumpunguzia moyo wake mzigo. Anapozaliwa na kitovu kukatwa, kinga hiyo huondoka ghafla. Damu hukimbilia kwenye ule mshipa mbovu, moyo ukaelemewa, na ubongo ukakosa haki yake. Madaktari huwatibu watoto hawa baada ya kuzaliwa, lakini wengine hufariki, na wengine hupona wakiwa ubongo wao umekwisha kudhurika.

Yaliyofanyika Boston

Mwezi Machi mwaka 2023, huko Boston nchini Marekani, madaktari wa hospitali mbili, ile ya watoto ya Boston na ile ya Brigham and Women's, waliamua kutoingoja saa hiyo ya hatari. Wakiongozwa na Dakta Darren Orbach, na kwa kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, walimtibu mtoto ambaye mimba yake ilikuwa na majuma 34.

Mama alichomwa ganzi ya uti wa mgongo. Mtoto naye akapewa dawa ya kumtuliza asitikisike na ya kumwondolea maumivu. Kisha, huku wakitazama kwa ultrasaundi, waliingiza sindano ndefu kupitia tumbo la mama, ukuta wa mji wa mimba, na fuvu la mtoto, hadi ndani ya mshipa uliovimba. Kwa mrija mwembamba wakaweka humo nyuzi za platinamu zilizosokotwa, ili kuizuia damu isipite kwa kasi.

Siku 2 baadaye mtoto alizaliwa kabla ya wakati, kwa njia ya kawaida, akiwa na uzito wa kilo 1.9 hivi. Hakuhitaji dawa za kuutegemeza moyo, wala hakufanyiwa upasuaji mwingine wa mshipa huo baada ya kuzaliwa. Alikaa hospitalini majuma kadhaa kwa sababu ya kuzaliwa mapema, kisha akaenda nyumbani. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la kitabibu la Stroke mwezi Mei mwaka huo.

Sheria inasemaje?

Wanavyuoni wengi wamefahamu kutokana na hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) kuwa roho hupulizwa zinapotimia siku 120. Mtoto wa majuma 34 amekwisha kuupita mpaka huo kwa mbali. Tena sheria imempa haki angali tumboni: baba yake akifariki, fungu lake la mirathi huhifadhiwa, na mama akimhofia, huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Ikiwa funga, ambayo ni nguzo ya dini, huahirishwa kwa ajili yake, vipi afya yake isitafutiwe dawa? Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu.

Hata hivyo, mlango huu una masharti. Sindano inayomfikia mtoto hupita kwanza katika mwili wa mama, naye ana haki zake kamili. Haifai kumwingiza katika hatari kubwa kwa tamaa ndogo ya kupona mtoto. Ni lazima madaktari mahiri na waaminifu waone kuwa manufaa yanatarajiwa kushinda madhara, na mama mwenyewe aelezwe wazi na aridhie. Mume ashauriane naye, asimlazimishe. Lililofanyika Boston lilikuwa jaribio. Kufaulu kwa mtoto mmoja si ahadi kwa wote.

Wajibu wetu

Yumkini msomaji atasema: Boston iko mbali nasi. Ni kweli. Lakini kumpeleka mke kliniki mapema, kuto­puuza kipimo kinachoombwa na daktari katika miezi ya mwisho, na kuchagua kujifungulia penye watu wanaoweza kumhudumia mtoto mgonjwa, hayo hayako Boston.

Liko na jingine. Katika vikao vya usuluhishi tumewaona kina mama waliozaa watoto wenye maradhi wakirudishwa kwao, wakituhumiwa laana, uchawi au dhambi. Ndugu zetu, kasoro tuliyoieleza huumbika wakati mama pengine hajajua hata kama ana mimba. Kosa lake liko wapi? Anayemtupia lawama anamdhulumu aliyekwisha kupewa mtihani, na dhulma ni giza Siku ya Kiyama.

Basi tutafute tiba kadiri ya uwezo wetu, na pale uwezo unapokoma, tusubiri pamoja, mume na mke. Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, waliozaliwa na walio matumboni, na awape mama zao afya na faraja. Amin. Wallahu aalam.