Mgonjwa Alisema Ameungua, Kampuni Ikasema Haiwezekani

Juni 1985, mjini Marietta katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mwanamke wa miaka 61 aliyekuwa akitibiwa saratani ya titi alilala chini ya mashine ya mionzi kama alivyozoea. Ilipowashwa alihisi joto kali likimpita mwilini, akamwambia aliyekuwa akimhudumia kwamba amemuunguza. Alijibiwa kuwa haiwezekani.

Siku ile alama kubwa haikuonekana. Wiki zilivyosonga, ngozi ikawa nyekundu, nyama ikaanza kufa, na mwishowe titi likaondolewa. Bega na mkono havikufanya kazi tena. Mama yule ndiye wa kwanza kati ya watu sita wanaojulikana kuumizwa na mashine iliyoitwa Therac-25, kati ya mwaka 1985 na 1987. Watatu kati yao walikufa kwa mionzi waliyozidishiwa. Mkasa huu hufundishwa hadi leo katika vyuo vya kompyuta. Kwa maoni yangu, ungefundishwa kwa nguvu ileile katika vyuo vya uuguzi, udaktari na biashara.

Therac-25 ilitengenezwa na Atomic Energy of Canada Limited, shirika la umma la Kanada. Ziliuzwa 11 tu, kwa hospitali za Marekani na Kanada. Ilifanya kazi mbili. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi ilitoa elektroni. Kwa ulio ndani zaidi ilitoa eksirei. Ili kupata eksirei, mkondo wa elektroni huongezwa takriban mara 100, kisha kifaa maalumu cha chuma huwekwa mbele yake ili mkondo ukigonge na kugeuka eksirei. Kifaa hicho kikikosekana huku mkondo ukiwa mkali, mgonjwa hupigwa na mkondo wote.

Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyojitegemea. Vifaa visipokaa mahali pake, haikuwaka, hata programu ikosee vipi. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na ulinzi ukaachiwa programu ya kompyuta. Programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja, na sehemu zake zilitolewa kwenye mashine za nyuma.

Machi 21, 1986, kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, kilimpokea mwanamume aliyekuwa ameondolewa uvimbe mgongoni. Mwendeshaji alikuwa mzoefu, mwenye vidole vyepesi. Alibonyeza herufi ya eksirei badala ya ya elektroni, akagundua, akarudi juu na kusahihisha, kisha akaanza tiba. Skrini ikaandika "Malfunction 54" na mashine ikasimama. Kijitabu cha maelekezo hakikueleza maana ya namba hiyo. Mashine zile zilikuwa na desturi ya kusimamasimama, na aliyeziendesha alizoea kubonyeza kitufe kimoja zikaendelea. Akabonyeza. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa haijaunganishwa na kipaza sauti kilikuwa kibovu, hivyo hakumwona mgonjwa wala kumsikia. Mwanamume yule alihisi kama amepigwa shoti na kumwagiwa kahawa ya moto mgongoni. Alikuwa anajaribu kuinuka alipopigwa mara ya pili, mkononi. Akaenda kuugonga mlango.

Alipangiwa rad 180, kipimo cha mionzi kilichotumika wakati huo. Baadaye ilikadiriwa kwamba alipata kati ya 16,500 na 25,000, katika muda usiofika sekunde moja. Alifariki miezi mitano baadaye.

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Mafundi wa kampuni walikuja, wakakagua, hawakuona kasoro. Hospitali ikaambiwa kuwa mashine haiwezi kuzidisha mionzi, na kwamba hakuna ajali nyingine inayojulikana. Wakati huo mama wa Marietta alikuwa ameshaishtaki kampuni mahakamani. Mgonjwa wa Hamilton, Kanada, alikuwa ameumizwa Julai 1985, na kampuni ikahisi tatizo liko kwenye swichi ndogo, ikairekebisha, kisha ikatangaza kwamba usalama umeongezeka angalau mara laki moja. Kila hospitali iliachwa iamini kuwa iko peke yake. Mashine ya Tyler ikarudishwa kazini Aprili 7. Siku nne baadaye, mgonjwa mwingine, mwendeshaji yuleyule, hitilafu namba 54 ileile. Mgonjwa huyo alikuwa na saratani ya ngozi usoni. Alifariki Mei 1.

Aliyeikata minyororo hii ni Fritz Hager, mwanafizikia wa kituo cha Tyler. Hakungoja kampuni. Aliisimamisha mashine, akakaa na mwendeshaji wake, wakarudia hatua zake moja baada ya nyingine mpaka hitilafu 54 ikatokea mbele yao. Siri ilikuwa kwenye kasi. Masahihisho yakifanywa ndani ya sekunde nane hivi, skrini ilionyesha kuwa yamekubaliwa ilhali ndani ya mashine hayajapokelewa. Mafundi wa kampuni hawakuweza kuirudia hitilafu hiyo mpaka walipoambiwa waandike harakaharaka. Dawa ya kwanza waliyoituma hospitalini ni kung'oa kifuniko cha kitufe cha mshale wa juu na kukiziba kwa utepe wa umeme. Mei 1986 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaitangaza mashine kuwa na kasoro. Hata hivyo, Januari 1987 mgonjwa mwingine wa jimbo la Washington aliumizwa na kosa tofauti la programu, akafa Aprili.

Katika habari hii yote, kinachonigusa zaidi ni wanafunzi wa Chicago. Katika kituo cha tiba ya mionzi cha chuo kikuu huko, walijifunza kwa Therac-20, ile ya zamani. Kila kundi jipya lilipoanza, fyuzi zilikatika ovyo, kisha hali ikatulia walipozoea. Baada ya habari za Tyler ndipo ilipofahamika kwamba kosa lilelile lilikuwa ndani ya programu ya Therac-20 pia. Wanafunzi walilichokoza kwa sababu walibonyeza wasichokijua. Lakini vizuizi vya Therac-20 vilikuwepo: fyuzi zikakatika, na hakuna mgonjwa aliyeungua.

Mashine za leo si Therac-25, na aliyepangiwa mionzi asiache tiba kwa kusoma makala hii. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam inatumia mashine za mionzi za kisasa, ziitwazo LINAC, tangu 2018, nazo zina ulinzi wa vizuizi vingi. Hofu yangu iko upande wa watu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Hospitali ya Mulago, iliharibika, na nchi nzima ikakosa tiba hiyo hadi mapema 2018. Mahali palipo na mashine moja na foleni ndefu, kijana aliyetoka chuoni jana anawezaje kusema isimame kwa sababu bibi mmoja amelalamika joto? Atatazamwa na bosi wake, mafundi, na ndugu wa wagonjwa wanaosubiri barazani.

Kwa hiyo mafunzo yampe haki hiyo kabla hajaingia kazini, na sheria za hospitali ziandike kwamba anayesimamisha mashine kwa nia njema haadhibiwi hata akigundulika amekosea. Na tunaponunua mashine au programu ya kusoma picha za eksirei, mkataba umlazimishe muuzaji kumjulisha kila mnunuzi, ndani ya siku chache, juu ya kila lalamiko la kuumia lililomfikia kutoka nchi yoyote. Asiyekubali sharti hilo asikabidhiwe imani ya wagonjwa wetu.