Kimo cha Gari Hupimwa Likiwa na Mzigo

Wiki chache zilizopita, tukiwa safarini kutoka Bagamoyo kwenda Msata, tulisimama Fukayosi chini ya mwembe ambao fundi mmoja ameufanya kuwa gereji yake. Hapo tulikuta Land Rover ya inchi 109, ya toleo lililotoka kiwandani kati ya mwaka 1971 na 1985, imesimama tezi juu na omo chini kama jahazi lililopakiwa na mtu asiyeijua bahari. Vijana walikuwa wamelizunguka wakilisifu. Fundi peke yake hakuwa akilisifu.

Mwenye gari ni mkulima wa mananasi wa upande wa Kiwangwa. Alilinunua mnadani likiwa chakavu, akakusudia kulirudishia heshima yake, nasi tunampongeza kwa hilo. Magari haya yalibeba chanjo, mbegu, masanduku ya kura na viongozi wa vijiji wakati ambapo njia ya kutoka Bagamoyo kuja huku ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na tangu hapo, kwa kadiri tulivyoona, hamu ya kuyafufua imeongezeka katika ukanda wetu huu.

Lakini mkulima huyu alianzia kwenye sura. Aliagiza springi za nyuma ziongezwe pleti mbili kila upande, na sheko zake zibadilishwe kwa nyingine ndefu zaidi. Akanunua na matairi mapana yenye maandishi ya 265/75R16. Gari likanyanyuka nyuma, likapendeza machoni. Siku ya tatu, akirudi kutoka Bagamoyo mjini bila shehena, na abiria wanne tu ndani, mvua ikiwa imenyesha, mbuzi alikatiza barabara. Alipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yalirukaruka, yakakamata, na gari likageuka mpaka likatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Mmoja wa abiria hao alikuwa mama mjamzito aliyekuwa akitoka kliniki.

"Mjomba, breki hazina kosa," fundi alimwambia mbele yetu. "Umeniletea springi za kubebea mawe, nawe hukubeba kitu."

Neno hilo la fundi ndilo lililotufanya tuandike. Wasomaji wetu wa visiwani wataelewa upesi kuliko sisi wa bara. Nahodha hakadirii jahazi kwa kulitazama likiwa tupu pwani. Likiwa tupu huelea juu mno, na ndiyo maana hutiwa farumi kabla ya kutweka tanga. Gari la mizigo nalo limejengwa kwa hesabu hiyo. Likiwa tupu, sehemu yake ya nyuma husimama juu kidogo kwa makusudi ya waliolibuni, ili likipakiwa lishuke na kukaa sawa. Mtu akiliona limeinuka, akadhani huo ndio uzuri wake, kisha akaongeza mwinuko juu ya mwinuko, ameharibu mizani iliyokwisha kuwekwa.

Na hasara zake hazikai nyuma peke yake. Mwili wa gari ukiinamia mbele, pembe ya vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele hubadilika, na usukani hupoteza ile tabia yake ya kurudi wenyewe katikati. Dereva huanza kulifukuza gari barabarani badala ya kuliongoza. Taa huinama, zikamulika hatua chache tu za lami. Shokapu huvutwa hadi mwisho wa urefu wake, na propela hufanya kazi kwa pembe kali inayokula krosi zake kabla ya wakati. Hata hizo sheko ndefu ni udanganyifu kidogo, kwa maana ukiongeza sentimita 5 za chuma, gari hupanda kiasi cha sentimita 2 na nusu tu, kwa kuwa upande mmoja tu wa springi ndio ulioshushwa.

Kuhusu matairi, tulichukua kalamu tukafanya hesabu juu ya boneti. Tairi la asili la gari hili ni 7.50-16, ambalo kimo chake ni kama sentimita 80. Lile la 265/75R16 lina upana wa milimita 265, na ubavu wake ni asilimia 75 ya upana huo, yaani karibu milimita 199. Mara mbili, pamoja na ringi ya inchi 16, unapata sentimita 80 hizo hizo! Mkulima wetu alikuwa amelipa fedha nyingi ili apate urefu ambao tayari alikuwa nao. Alichopata ni upana, na upana huo hautoshei kwenye ringi zake nyembamba za inchi 5 na nusu, kwani tairi la namna ile huhitaji ringi ya inchi 7 au zaidi. Tairi lililobanwa hivyo huvimba katikati, likalika katikati, na likashika lami kwa sehemu ndogo kuliko ile ambayo tairi jembamba la asili lingeishika.

Wenye gari fupi, lile la inchi 88, wana jambo jingine la kuangalia. Wengi hulivisha matairi ya ndugu yake mkubwa badala ya 6.00-16 yake ya asili. Hapo kimo cha gurudumu huongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mshale ukionyesha kilomita 50, gari linakwenda 55, na dereva anaingia kijijini akiamini kwamba ametii sheria.

Wapo watakaosema kwamba magari ya mashindano huinuliwa na kuvishwa matairi makubwa. Tunawakumbusha kwamba mwaka 1966 na tena mwaka 1967, Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda mbio za East African Safari kwa Peugeot 404. Gari lile lilikuwa na matairi ambayo vijana wa leo wangeyaona ya baiskeli, hayakufika milimita 200 kwa upana. Magari ya mashindano yaliyoinuliwa huinuliwa mbele na nyuma kwa uwiano, baada ya kupimwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Hayapachikwi pleti mbili za gari jingine chini ya mwembe.

Kwa ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia tuna neno la ziada, kwa sababu chumvi haimwachii mtu. Springi ya pleti hufanya kazi kwa pleti kuteleza juu ya nyingine. Kutu ikiingia kati yake, zinashikana na kuwa kama kipande kimoja cha chuma, na mwenye gari hudhani springi imekufa, akaenda kutafuta nyingine. Mara nyingi dawa ni kuzifungua, kuzisugua na kuzipaka grisi. Anayenunua springi zilizokwisha kutumika akumbuke pia kwamba kwenye Land Rover hizi springi ya upande wa dereva haikuwa sawa na ya upande wa abiria. Zikichanganywa, gari huegemea upande mmoja, na hapo fundi asiye mwangalifu huongeza pleti ili kusawazisha kosa ambalo angelimaliza kwa kubadilishana pande.

Watumishi wa serikali nao wana sehemu yao. Gari la umma linapopelekwa mnadani, linakwenda na kadi yake na mara chache sana na kitabu chake, ambamo vipimo vya matairi, upepo na springi vimeandikwa. Kitabu hicho kinaachwa kabatini, na kwa mwananchi anayelinunua kina thamani kuliko redio. Tena, tunawaomba wakaguzi wanaofanya kazi chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 wainame watazame sheko na pleti, na gari la mizigo inapowezekana walipime likiwa na mzigo, wala wasitosheke na gari tupu lililooshwa asubuhi. Wasome pia zile tarakimu 4 ubavuni mwa tairi. Tairi lenye 2312 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na kashata zake zikiwa nzima namna gani, mpira wake umezeeka.

Kwa mkulima wetu, kazi ilianza upya mchana ule ule. Fundi alitoa pleti za nyongeza, akarudisha sheko fupi. Kisha, jambo lililowashangaza vijana, aliagiza gari lipakiwe mananasi kama siku ya soko, na tangi lijazwe mafuta. Likiwa limesimama mahali tambarare, alipima kwa utepe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kila pembe, akaandika kwa chaki mlangoni. Aliingiza ngumi yake kati ya ekseli na raba ya kugotea. Iliingia. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa sentimita 2, akasema hizo ni springi zilizopachikwa kinyume na atazibadilisha kesho yake.

Matairi mapana bado yapo yameegemezwa kwenye mwembe. Mwenyewe anatafuta mtu mwenye ringi za inchi 7 ili amuuzie, apate angalau fedha ya 7.50-16 nne mpya na moja ya akiba.