Kutunga, Kuchonga na Kuchora: Vitenzi vya Mafundi na Maelezo ya Kazi Zao

Watunzi wa mashairi, wachongaji wa mpingo na wachoraji wa Afrika Mashariki wameulizwa mara nyingi, hasa tangu miaka ya 1960, waeleze kazi zao na chanzo cha fikira zao. Majibu yao yamepigwa chapa katika vitabu, katika magazeti na katika orodha za maonyesho, aghalabu kwa lugha za kigeni. Lakini swali lenyewe halikuzaliwa katika Kiswahili. Katika lugha kadhaa za Ulaya chanzo cha fikira za msanii hutajwa kwa neno la asili ya Kilatini ambalo maana yake ya awali ni kupuliziwa pumzi ndani. Fundi, kwa picha hiyo, ni chombo, na pumzi yatoka nje yake. Swali hilo likivikwa maneno kama “msukumo” au “ilhamu”, fundi hukabidhiwa picha ambayo si yake, kisha huombwa aijaze.

Yafaa, basi, kuyatazama maneno ambayo mafundi wenyewe wanayo. Vitenzi vitatu, yaani kutunga, kuchonga na kuchora, vyatosha kuonyesha kwamba Kiswahili kina maelezo yake kamili juu ya kazi ya sanaa, na kwamba maelezo hayo hupotea pale mfasiri asipoyajali.

Kutunga

Kabla ya kuwa kitenzi cha washairi, kutunga ni kitenzi cha uzi. Hutungwa ushanga, hutungwa maua ya asumini, hutungwa samaki katika ujiti. Katika matumizi hayo yote vitu vilivyokuwa mbalimbali hupitishiwa kitu kimoja kinachovishika, na kila kimoja hupata mahali pake baada ya mwenziwe. Upo pia upande wa pili wa kitenzi hiki: jipu hutunga usaha, na mimba hutungwa tumboni. Hapo kitu hujikusanya ndani, polepole, bila kuonekana, mpaka wakati wake uwadie. Pande hizo mbili, mkono unaopanga na ndani panapokusanya, zimo pamoja katika neno moja.

Jina la mtendaji ni mtunzi, kama vile kutokana na kujenga hupatikana mjenzi. Jina hilo limelingana kwa sauti na mtunzi atokanaye na kutunza, wala halina asili moja nalo. Mwanafunzi wa lugha na ajihadhari asiyachanganye.

Kwamba washairi wa kale waliisikia maana ya uzi katika neno hili, ushahidi wake umo katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Katika beti za mwanzo mshairi aeleza kusudi lake: ataka kutunga koja, nalo liwe na lulu. Hadai kwamba amepagawa wala kwamba maneno yamemshukia. Ajieleza kama sonara au mtu wa ushanga, aliye na vitu vya thamani mbele yake na kazi ya kuvipanga. Mwana Kupona binti Mshamu naye, katika utenzi wake wa mwaka 1858, aanza kwa kumwita binti yake amkaribie na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mna habari apendayo kumwambia. Habari imekwisha kutunga ndani; sasa vyatakiwa vifaa. Desturi hiyo ya kutaja wino, kalamu na karatasi yaonekana katika tenzi nyingi, na wahakiki wengine wameipita kana kwamba ni pambo tu. Kwa kweli ni maelezo ya kazi: mtunzi amwonyesha msikilizaji zana zake kabla ya kuanza, kama seremala awekavyo chini randa na msumeno.

Maneno mengine ya ushairi yafuata njia hiyo hiyo. Mizani ni ya sokoni, ubeti una asili ya Kiarabu yenye maana ya nyumba, na bahari, jina la aina za tungo, limetoka katika elimu ya Waarabu ya vipimo vya ushairi. Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliweka katika maandishi elimu ambayo watunzi walikuwa wakirithishana, na elimu hiyo ni ya kupima na kupanga.

Kwa njia hii yaeleweka vizuri zaidi ule ugomvi wa miaka ya 1970 juu ya mashairi yasiyo na vina wala mizani, ambao Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, kilikuwa katikati yake. Waliokataa mashairi hayo hawakuwa wakitetea mazoea peke yake. Kwa mtu ambaye kutunga ni kupitisha uzi, kuondoa vina na mizani ni kukata uzi, na ushanga uliomwagika sakafuni hauitwi koja hata ukiwa wa dhahabu. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yake: uzi waweza kuwa wa namna nyingine, kama fikira inayounganisha picha moja na nyingine. Swali lililoulizwa hasa lilikuwa hili: ni kitu gani kinachoshika shairi pamoja? Kitenzi kilikuwa kimekwisha kuliuliza kabla ya wahakiki.

Itasemwa labda kwamba kipaji nacho ni neno la washairi, nalo lamaanisha kitu kitokacho nje. Ni kweli, kwani kipaji hufungamana na kupa, kama kinywaji na kunywa: ni kitu alichopewa mtu. Lakini alichopewa ni uwezo, si maneno ya shairi. Mwenye kipaji bado hana budi kukaa na kutunga.

Kuchonga

Kitenzi cha pili chaenda kinyume cha kwanza. Atungaye huongeza, achongaye hupunguza. Huchongwa kalamu, mwiko, kinu na mtumbwi, na katika kila kazi kitu kitakiwacho huonekana kwa kuondolewa kisichotakiwa. Makosa ya mtunzi hufutwa, bali pigo la tezo halirudi nyuma.

Wachongaji mashuhuri zaidi wa Tanzania ni Wamakonde, ambao wengi wao asili yao ni nyanda za juu za Mueda katika Msumbiji. Mti wao ni mpingo, ulio mgumu kupita kiasi, wenye kiini cheusi na ganda la nje la rangi hafifu. Gogo la mpingo ni nadra kunyoka: lina matundu, mafundo na mikunjo. Kwa sababu hiyo mchongaji hana uhuru wa kuamua kila kitu kabla ya kuanza. Huligeuza gogo, hulitazama, kisha hufuata linavyomruhusu. Asemapo kwamba sanamu ilikuwamo ndani ya mti, hatoi fumbo kwa ajili ya wageni. Aeleza utaratibu wa kazi, ulio ndani ya kitenzi chenyewe.

Majina ya aina za vinyago yadai uangalifu zaidi, kwa kuwa lugha ya kwanza ya mafundi hao ni Kimakonde, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya mjini na ya soko. Katika Kiswahili hicho wamezipa aina za kazi majina ya binadamu, ujamaa, shetani na mawingu. Aina ya shetani huhusishwa na Samaki Likankoa, aliyeanza kuichonga karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Wafasiri wengi wameliandika neno hilo kwa jina la adui wa Mungu, na watazamaji wa mbali wakadhani kwamba wachongaji huabudu au huogopa Ibilisi. Lakini katika Kiswahili cha pwani shetani ana maana pana. Pamoja na Ibilisi wa dini, yupo shetani apandaye kichwani mwa mtu, ambaye ni jamaa ya pepo na mzimu. Huyu hutulizwa, huongeleshwa, na pengine huchekesha. Vinyago vyenye jicho moja, viungo vilivyopotoka na vinywa vya kushangaza ni vya ukoo huu wa pili.

Ujamaa nao una historia ya namna hiyo. Vinyago vya watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, vilianza kuchongwa kabla neno hilo halijawa jina la siasa ya nchi katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Yasimuliwa kwamba Roberto Yakobo Sangwani, aliyehesabiwa kuwa mwanzilishi wa aina hiyo, alikusudia mshindi wa mieleka aliyeinuliwa na wenzake. Jina la siasa lilipovaa kinyago, wauzaji na wanunuzi wakasoma ndani yake siasa peke yake. Fundi aliyeulizwa baadaye maana ya kazi hiyo aliulizwa kwa jina ambalo lilikuwa limekwisha kumjibia.

Kuchora

Kuchora asili yake ni kutia alama kwa kitu chenye ncha, na nakshi za milango ya Unguja na Lamu ni za ukoo wa kazi hiyo. Kazi ya rangi iliingia chini ya kitenzi hiki baadaye. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 katika Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya mraba. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, lakini alikuwa amekwisha kuwafunza vijana wachache, baadhi yao wakiwa jamaa zake. Mwaka 1990 wafuasi wake waliunda chama cha ushirika. Jina la mtu limekuwa jina la namna ya uchoraji, ingawa lugha ilikuwa na tingatinga nyingine, yaani trekta.

Wachoraji hawa wamelaumiwa kwamba huiga. Hapa tena lawama yatoka katika neno lisilotafsiriwa sawasawa. Fundi ni wa shina moja na kufundisha, mwanafunzi na funzo. Ufundi hupokewa kwa mtu. Mchoraji aulizwapo chanzo cha picha zake akamtaja aliyemfunza, ametoa jibu kamili, wala hakukwepa swali. Msanii, jina lililoenea baadaye, latokana na sanaa, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu pia ni neno la ustadi wa mikono. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mazungumzo ya siku hizi nchini Tanzania usanii umepata na maana ya ulaghai. Mafundi wengi, basi, wana sababu ya kulipenda jina la kale.

Swali lifaalo

Mambo haya si ya kamusi peke yake. Sauti za mafundi wazee zimo katika kunaswa na kuhifadhiwa, na wengine hawataulizwa mara ya pili. Ikiwa muulizaji ataanza kwa msukumo, hifadhi itajaa majibu ya adabu, kwa kuwa fundi wa Kiswahili humstahi mgeni na humpa anachokitafuta. Aulizwe kwa kitenzi chake: utungo huu ulikutunga moyoni tangu lini, na ni kitu gani kinachoushika? Gogo hili lilikukataza nini? Ulifundwa na nani, na ni wapi uliacha kumfuata? Na majibu yaandikwe kwa maneno yale yale yaliyosemwa, Kimakonde kikiwa Kimakonde na Kiswahili kikiwa Kiswahili, ndipo tafsiri ifuate chini yake. Hapo atakayesoma baada ya miaka hamsini ataisikia kauli ya fundi mwenyewe.