Vitambaa vya kale vya kudarizi vya Uingereza: kwa nini wakusanyaji hutazama nyuma kwanza

Katika minada ya vitu vya kale nchini Uingereza, mnunuzi mzoefu akipewa kitambaa kilichodariziwa hapotezi muda kusifu maua. Anaomba kuona upande wa nyuma. Mbele kumetazamana na mwanga wa dirisha kwa miaka 200 au zaidi. Nyuma kumekaa gizani. Kwa hiyo rangi aliyoichagua mshonaji, na namna mkono wake ulivyofunga mafundo, vinaonekana vizuri zaidi upande ambao haukukusudiwa kuonwa na mtu.

Tunaposema kudarizi tunamaanisha kutia nakshi kwenye kitambaa kwa sindano na uzi. Waingereza walisifika kwa kazi hiyo tangu zamani. Orodha ya mali ya Papa ya mwaka 1295 inataja nakshi za Kiingereza zaidi ya mara 100. Yalikuwa mavazi ya makasisi, yenye hariri na nyuzi za dhahabu, na mengi yaliharibiwa karne ya 16 kanisa la huko lilipojitenga na Roma. Machache yaliyosalia yako makumbusho na katika hazina za makanisa. Mkusanyaji wa kawaida asiyaote.

Anachoweza kukipata ni kitambaa cha mazoezi cha msichana.

Kitambaa kilichokuwa kama cheti

Mwanzoni vitambaa hivi vilikuwa daftari la mshonaji: anajifunza nakshi mpya, anaishona pembeni asiisahau. Cha Kiingereza cha zamani zaidi kinachojulikana chenye tarehe kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598. Kiko katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na kinataja kuzaliwa kwa mtoto aitwaye Alice Lee miaka miwili kabla. Makumbusho hayohayo yana kazi za Martha Edlin, aliyemaliza kitambaa cha rangi nyingi mwaka 1668 akiwa na miaka minane, na kisanduku kizima kilichofunikwa kwa nakshi mwaka 1671. Kazi zake zilirithishwa kwa wanawake wa ukoo wake kwa zaidi ya miaka 300.

Martha alikuwa mtoto wa watu wenye uwezo. Kufikia karne ya 19 hata wasichana maskini walishonishwa alfabeti, na sababu ilikuwa ajira. Mashuka na taulo za nyumba kubwa zilitiwa herufi za mwenye mali na namba kwa uzi ili zisipotee kwa dobi. Msichana aliyeweza kushona herufi safi alikuwa na nafasi nzuri ya kuajiriwa utumishi wa ndani. Katika kituo cha yatima cha George Müller mjini Bristol, wasichana walijaza kitambaa kimoja alfabeti za kila aina, mstari juu ya mstari, mara nyingi kwa uzi mwekundu peke yake. Leo vitambaa hivyo vya yatima huuzwa kwa maelfu ya pauni. Sisi tunaviona vizuri kuliko vile vyenye ndege na vikapu vya maua, ingawa tunajua wapo watakaobisha.

Majani ya bluu

Ukiona mti wenye majani ya bluu kwenye kitambaa cha kale, usidhani mtoto alikosea. Kijani kilipatikana kwa kuchovya uzi katika rangi ya manjano na ya bluu. Manjano ya mimea hufifia upesi kwenye mwanga, bluu ikabaki. Geuza kitambaa, majani yako ya kijani. Uzi mweusi nao mara nyingi ulitiwa rangi kwa chuma, na chuma hicho huula uzi taratibu mpaka yakabaki matundu ya sindano tu.

Rangi husaidia pia kumbaini mdanganyifu. Zambarau kali ya kiwandani ilivumbuliwa na William Perkin mwaka 1856, hivyo kitambaa chenye rangi hiyo hakiwezi kuwa cha 1780. Wapo wanaochovya kitambaa kipya kwenye chai kionekane kikuukuu. Hapo nyuma na mbele huwa vimefifia sawasawa, jambo ambalo umri wa kweli haufanyi. Lakini tarakimu ya mwaka iliyofumuliwa si lazima iwe hila ya muuzaji. Baadhi ya wanawake waliifumua wenyewe ukubwani, wageni wasipige hesabu ya umri wao.

Na tafadhali, kisifuliwe. Maji huchuruza rangi na kukata hariri iliyochoka. Pasi na gundi ni vivyo hivyo. Kiwekwe mbali na jua, na mbao au kadibodi ya zamani ya nyuma ya fremu ichunguzwe na mtaalamu, kwa sababu asidi yake huunguza kitani.

Kitambaa cha Elizabeth Parker

Kimoja hakina ua hata moja. Elizabeth Parker, aliyezaliwa mwaka 1813 katika jimbo la Sussex, alishona maisha yake kwa hariri nyekundu kwenye kitani, herufi kwa herufi, mnamo 1830. Anaeleza alivyotoka kwao kwenda kulea watoto wa watu, ukatili aliotendewa na mwajiri, na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Anaomba msaada kwa Mungu, kisha katikati ya sentensi, akijiuliza roho yake itakuwaje, mshono unakoma. Sehemu iliyobaki ni kitani kitupu.

Kwa soko la siku zile kitambaa hicho kingeonekana hakina thamani: hakina picha wala mpaka wa nakshi. Leo kiko Victoria and Albert, na picha yake inapatikana kwenye tovuti ya makumbusho hayo. Elizabeth hakufa kijana. Alikuja kuwa mwalimu wa shule, akafariki mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 76.