Selimundu: Herufi Moja ya Jeni
Mwanafonolojia ajuaye jinsi sauti moja itengavyo "pata" na "bata" hatashangazwa na selimundu. Katika jeni ya himoglobini, GAG imegeuka GTG. Asidi ya glutamiki ikaipisha valini, na chembe nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu (istilahi yenyewe imeundwa kwa ustadi). Mgonjwa hasa ni aliyeirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili. Aliyeirithi kwa mmoja huwa mzima, tena hukingika kwa kiasi dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Ndiyo maana imekita Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Wawili waibebao wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa mtoto mgonjwa. Na wasipopimwa damu, hawatajua mpaka mtoto augue.