Tochi ya Titani Iliyochakaa: Ioshe kwa Mawe, Usiitupe

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku, iwe mpakani, langoni mwa kambi au katika doria ya mtaani, hahitaji kufundishwa thamani ya tochi. Ndiyo imwonyeshayo mahali pa kuweka mguu na imsaidiayo kukagua hati za dereva. Umeme ukatikapo nyumbani, ndiyo iangazayo meza ambayo watoto wake wanasomea. Hata hivyo, chombo hiki kinachotutumikia namna hii twakitunza kidogo kuliko vyote. Kikichubuka twakitia sandukuni pamoja na misumari yenye kutu, tukidhani maisha yake yamekwisha.

Juma hili, ndugu msomaji, twazungumzia tochi za aina moja, zile zenye mwili wa madini ya titani, na namna ya kuzirudishia sura njema kwa kuziosha kwa mawe. Anayeandika habari hizi alijifunza kazi hiyo kwa ajili ya tochi moja tu, na hakuifanya bila kosa.

Tochi ya marehemu

Kaka yangu alikuwa askari. Alipotoka Mogadishu mwaka 2011, alikokuwa na majeshi ya Uganda katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, alirudi na tochi ndogo ya titani aliyopewa na mwenzake wa kigeni walipoagana. Aliitumia miaka mingi, hadi mauti yalipomfika.

Kijana wake alipokaribia kumaliza mafunzo ya polisi, mama yake alinijia na tochi hiyo imefungwa katika kitambaa. Akasema, "Shemeji, mtoto ataanza kazi baada ya wiki tatu. Nataka aende na tochi ya baba yake, lakini si katika hali hii."

Niliigeuza mkononi. Ilikuwa na mikwaruzo mirefu ya kukokotwa juu ya zege na meno ya koleo karibu na kichwa. Penye kitako palikuwa na herufi mbili za jina lake na nambari yake ya jeshi, alizozichora mwenyewe kwa ncha ya msumari. Nilimwahidi shemeji kwamba itang'aa. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Titani ni madini gani

Titani iligunduliwa mwaka 1791 na William Gregor, kasisi wa Cornwall nchini Uingereza, katika mchanga mweusi wa kijito. Mwaka 1795 Martin Heinrich Klaproth wa Ujerumani aliipa jina la Matitani, majitu ya hadithi za Wagiriki wa kale. Lakini kuitenga na mawe yake ni kazi ngumu. Ilipatikana ikiwa safi mwaka 1910, na njia ya kuitengeneza kwa wingi ilitokana na kazi ya Wilhelm Kroll wa Luxembourg katika miaka ya 1930. Hapa Afrika Mashariki mchanga wenye madini hayo ulichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024.

Sentimita moja ya ujazo ya titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi, ambapo chuma kina karibu gramu 7.9 na aluminiamu gramu 2.7. Haishiki kutu, kwa kuwa mara igusapo hewa hujivika utando mwembamba sana wa oksaidi. Utando huo ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe. Kwa hiyo tochi ya titani iliyochakaa kwa kawaida haijaoza. Ni ngozi tu iliyoharibika.

Jambo la kwanza, basi, ni kuhakikisha kwamba tochi yako ni ya titani kweli. Tochi nyingi ni za aluminiamu iliyopakwa ngozi ngumu ya rangi nyeusi au ya kijivu. Ngozi hiyo ndiyo kinga yake, nayo ikiondolewa kwa msasa au mawe hairudi nyumbani. Sumaku haitakusaidia, maana hainati kwenye titani wala kwenye aluminiamu. Tazama mikwaruzo. Ikiwa ndani yake pameupe na nje ni peusi, hiyo ni rangi, iache. Titani ni ya kijivu kilekile nje na ndani.

Kwa nini mawe

Wasomaji wetu wanazijua suruali za jinzi zilizofuliwa pamoja na mawe mepesi ya volkano hata zikapauka. Chuma nacho huoshwa kwa namna iliyo karibu na hiyo. Viwandani, vyombo hutiwa katika mapipa yanayotikisika, pamoja na vipande vya kauri, maji na sabuni. Mawe hugonga kila upande na kuacha vialama vidogo mno visivyo na mpangilio.

Uso uliong'arishwa kama kioo hurudisha mwanga upande mmoja, na mkwaruzo mmoja huonekana kutoka mbali. Uso ulioshwa kwa mawe hutawanya mwanga pande zote. Mkwaruzo mpya ukija hupotea kati ya vialama vingine, na chombo hakimeti juani. Kwa mtu wa doria, kutometa ni faida.

Kosa langu

Hayo yote sikuyajua. Nilikwenda kwa jirani mwenye grainda nikaanza kusaga tochi kavukavu. Cheche nyeupe zikaruka kwa ukali, na kabla sijahesabu hadi tano jiwe la grainda lilikwishachimba shimo refu kama punje ya mpunga. Mzee mmoja fundi wa kufuli aliyekuwa akipita alipaza sauti, "Zima, mwanangu! Wataka kuchoma nyumba ya watu?"

Alikuwa na haki. Vumbi la titani hushika moto upesi, na moto wake haufai kumwagiwa maji, maana maji huuchochea. Huo huzimwa kwa kufunikwa na mchanga mkavu. Kwa sababu hiyo titani isisagwe kavu nyumbani. Isuguliwe kwa mkono, nayo imelowa maji, na uchafu wake usuuzwe kabla haujakauka.

Mzee aliichukua tochi, akaitazama, kisha akaniuliza, "Mikwaruzo gani unataka iondoke, na ipi unataka ibaki?" Sikuwa na jibu. Ilinilazimu kurudi kwa shemeji.

Nilimweleza kwamba kazi ikipita kitakoni, herufi na nambari zitafifia, pengine zitafutika kabisa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Meno ya koleo yaondoe. Mwandiko wake usiuguse."

Namna ya kufanya kazi

Tulichokifanya na yule mzee ni hiki.

1. Toa betri kwanza, uiweke mbali na maji na vipande vya chuma. Betri za lithiamu zikigusishwa ncha zake zaweza kulipuka.

2. Fungua tochi yote: kioo, taa, swichi na pete za mpira. Panga kila kitu kwa mfuatano juu ya kitambaa cheupe. Sehemu isiyofunguka kwa mkono usiilazimishe kwa koleo. Mpelekee fundi.

3. Funga hesi zote kwa utepe wa gundi, tabaka tatu au nne, na uzibe matundu kwa vipande vya mti laini. Hesi zikigongwa na mawe hazitafungika tena. Sisi tulifunika kitako chote vivyo hivyo, ili mwandiko usalimike.

4. Sugua mwili kwa msasa wa maji namba 320, kisha namba 400, ukizungusha upande mmoja. Mawe hayaondoi mikwaruzo mirefu, huipunguza makali tu. Usilifukuze kila shimo, maana ukuta wa tochi ni mwembamba. Shimo la grainda tuliliacha hapo lilipo.

5. Okota vijiwe vigumu vya mviringo, vya ukubwa wa punje ya mahindi hadi haragwe. Kipime kijiwe kwa chupa. Kisipokwaruza kioo, ni laini mno. Vioshe hadi maji yatoke safi.

6. Jaza vijiwe nusu ya kopo imara la plastiki lenye kifuniko, weka mwili wa tochi, tia maji ya kuvifunika na sabuni kidogo. Funga, uvingirishe na kutikisa. Kila baada ya dakika kumi na tano toa, suuza na utazame. Kazi yetu ilichukua zaidi ya saa moja, na watoto walipokezana kopo kwa furaha.

7. Suuza, ondoa utepe, na ukaushe juani siku nzima. Usikaushe juu ya jiko la makaa. Joto kali huukuza ule utando, na titani hugeuka rangi ya dhahabu, kisha zambarau na buluu.

Kuirudisha kazini

Katika tochi nyingi za namna hii umeme hupita katika mwili wenyewe. Kwa hiyo kingo zinazogusana zifutwe kwa spiriti, la sivyo mwanga utapepesuka. Hesi za titani zikisuguana kavu huumana na kukwama, basi zipake grisi kidogo ya silikoni. Mafuta ya kupikia hayafai, huganda.

Kabla ya kurudisha betri, weka karatasi laini kavu ndani ya tochi, ifunge, uizamishe katika ndoo kwa dakika kumi. Karatasi ikitoka kavu, pete za mpira ni nzima. Ikilowa, badili pete. Kisha kumbuka kwamba titani hupitisha joto kwa uzito kuliko aluminiamu. Tochi yenye mwanga mkali isiachwe ikiwaka kwa nguvu zote muda mrefu, hata ikiwa imependeza.

Tunawakumbusha pia wasomaji wetu kwamba mapendekezo haya ni ya mali ya mtu binafsi. Tochi iliyotolewa stoo ni mali ya umma. Isisuguliwe wala kufutwa nambari zake bila idhini ya mwenye dhamana.

Kitunze kidumu

Siku ya kuondoka, shemeji alimkabidhi kijana ile tochi. Mwili wake ulikuwa wa kijivu kilichotulia, kama jiwe la mtoni. Kitako kilibaki cheusicheusi na chakavu, mwandiko ukisomeka. Kijana alipitisha kidole juu ya herufi za baba yake, kisha kidole kikafika penye lile shimo la grainda.

"Na hili, baba mdogo?"

Nikamjibu kwamba hilo ni la haraka yangu.

Akaiwasha mchana ule mweupe, akaona inawaka, akaizima ili asipoteze betri, akaitia mfukoni.