Ovaroli Ikikuzidi, Usianze na Miguu

Askari afanyaye kazi chini ya gari au juu ya injini hana vazi limfaalo kupita ovaroli. Shati halichomoki, na grisi haifiki mwilini. Lakini ovaroli nyingi ziuzwazo madukani hapa Kampala zimekatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu, mpana wa kifua. Dada zetu walio katika karakana, na vijana wenye miili midogo, huzinunua hizo hizo, wakakunja mikono na miguu, wakaingia kazini.

Hatari yake tumeishuhudia. Koplo mmoja wa kike aliinamia injini ya lori iliyokuwa ikizunguka, na mkono uliokunjwa ukakunjuka. Mkanda wa feni ukaunyakua. Mwenzake aliwahi kuzima injini, na kitambaa kikachanika kabla mfupa haujaguswa. Tulipomwuliza kwa nini hakuipunguza nguo ile, alijibu: "Afande, miguu nimekwisha kata, lakini bado siwezi kupanda lori bila kuivuta juu."

Jibu hilo lilitupeleka pamoja naye soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa mzee mmoja wa cherehani. (Mji huu haukuanza leo kuwaheshimu mafundi: hata gomesi ya akina mama imechukua jina la fundi Mgoa.) Mzee aliitazama ovaroli, akacheka. "Mmekata mahali pasipo na kosa," akasema.

Ovaroli huning'inia mabegani. Suruali ikilegea, mkanda huishika kiunoni; ovaroli haina njia hiyo. Sehemu ya kiwiliwili ikiwa ndefu mno, msamba hushuka kuelekea magotini na hatua hufupika. Kukata miguu hakuupandishi msamba hata sentimita moja.

Mzee alipitisha utepe kutoka begani, mbele ya mwili, chini ya msamba, hadi begani tena kwa nyuma. Akapata sentimita 152. Akaongeza 10 za kuinama na kuchuchumaa, zikawa 162. Ovaroli yenyewe, ilipopimwa kwa njia hiyo hiyo, ilikuwa na 176. Ziada ilikuwa 14. Basi akatoa 7 mbele na 7 nyuma, zote kwenye mshono wa kiuno. Nguo ile ilikuwa imefuliwa mara nyingi. Ingekuwa mpya, angeagiza kwanza ilowekwe na kukaushwa, maana pamba husinyaa, na aliyeipunguza kabla ya kuifua huenda akashindwa kuivaa.

Kazi ngumu ilikuwa zipu, kwa kuwa inapita katikati ya kiuno. Ilibidi aifumue, aunge kiuno, airudishe, kisha akate ziada yake juu shingoni na kuifunga ncha kwa uzi mnene ili kichwa chake kisichomoke. Anayenunua leo na achague ya vifungo. Fundi atamtoza kidogo.

Baada ya kiuno ndipo alipobana ubavu, kutoka kwapani hadi nyongani, koplo akiwa amevaa nguo zake za kazi ndani. Mikono aliikata ikome kwenye kifundo, akaweka kifungo kinachobana. Kabla ya kushona mara ya pili alimwamuru achuchumae, ainue mikono yote miwili, na apande juu ya benchi. Mabegani palivuta kidogo, akapalegeza.

Hapa tuseme wazi: tunazungumza juu ya ovaroli ya dukani. Sare rasmi ina utaratibu wake, na anayehitaji ipunguzwe aanzie stoo ya kikosi chake, si sokoni.

Miguu, iliyokatwa mapema, sasa ilikuwa mifupi: msamba ulipopanda, pindo nalo lilipanda likaacha buti wazi. Mzee akaomba vile vipande vilivyokatwa. Koplo alikuwa amekwisha vifanya vitambaa vya kufutia mafuta. Ikabidi tununue nusu mita ya kitambaa cha buluu kwa jirani, na rangi haikulingana.